Tangi la furu na kidhibiti kinachojua kuogopa

Asubuhi moja ya mwezi wa saba niliamka saa kumi na moja na nusu, nikashika kioo cha tangi langu kama ninavyofanya kila siku kabla ya kuwasha taa. Kioo kilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahaulika mezani. Maji yalikuwa nyuzi 34. Furu kumi na wanne, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, walikuwa juu ya maji, wamelala ubavu. Hita ya wati 200 ilikuwa imewaka usiku kucha ndani ya lita 120, na kifaa nilichokiunda kwa mikono yangu ili kiizime kilikuwa macho muda wote huo, kikiamini kwamba maji yana baridi ya nyuzi 127 chini ya sifuri.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wengi wa hapa Mwanza wanaoniuliza juu ya kuunda kidhibiti cha tangi la samaki huanza na vipuri: ninunue bodi gani, nitaonaje grafu kwenye simu. Hayo yana majibu mepesi. Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo unayoiandikia programu, inatosha na kubaki, na mifano ya programu imejaa mtandaoni. Kazi ngumu iko kwingine. Kifaa kinatakiwa kitambue pale kinapodanganywa, na kikishatambua kiangukie upande ambao samaki wanabaki hai. Mengine yote katika makala haya yanatoka hapo.

Kosa langu lilikuwa hivi. Kihisi cha joto nilichotumia ni DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya kimrija cha chuma. Kina nyaya tatu: wa umeme, wa data na wa hasi, na kati ya ule wa umeme na ule wa data unaweka rezista ya kiloomu 4.7. Ni kihisi kizuri. Kwa joto la maji yetu hakikosei zaidi ya nusu nyuzi. Lakini waya wa data ukikatika, au maji yakipenya kwenye kiungo, ile programu saidizi ambayo karibu kila mtu huitumia hairudishi taarifa kwamba kihisi kimepotea. Inarudisha namba, na namba hiyo ni −127. Tena kihisi kikiwa ndiyo kwanza kimepata umeme, kabla hakijapima chochote, kinabeba namba 85. Mimi nilikuwa nimeandika sharti moja tu: joto likiwa chini ya 25, washa hita. Kiungo kililowa usiku, namba ikashuka hadi −127, na −127 ni chini ya 25. Bodi ilitii nilichoiandikia.

Siku hizi programu yangu haiamini namba yoyote kabla ya kuihoji. Usomaji wa chini ya 10 au wa zaidi ya 40 unatupwa. Usomaji uliopishana na ule wa dakika iliyopita kwa zaidi ya nyuzi moja nao unatupwa, kwa sababu maji hayawezi kubadilika haraka hivyo. Hili la pili halikutoka kichwani mwangu, linatokana na hesabu. Lita moja ya maji inahitaji takriban joule 4,186 ili ipande nyuzi moja. Kwa lita 120 na hita ya wati 200, nyuzi moja inachukua kama dakika 42. Kihisi kinachodai kwamba maji yamepanda nyuzi tatu ndani ya dakika moja kimeharibika, au kimetolewa nje ya maji. Usomaji mbovu ukifika mitatu mfululizo, hita inazimwa na king'ora kinalia. Pia nimeweka vihisi viwili, kimoja kila pembe. Vikipishana kwa zaidi ya nyuzi moja, hita inazimwa vilevile.

Kwa nini kuzima na si kuwasha? Hapa kila mtu lazima apime mahali pake. Chumba changu kiko Kirumba, na hata usiku wa kipupwe, upepo ukitoka ziwani, tangi lisilo na hita hushuka hadi nyuzi 21 hivi. Furu kwa 21 hupoteza hamu ya kula na rangi yake hufifia, lakini anaishi. Kwa 34 anakufa. Kwetu baridi inaumiza na joto linaua, kwa hiyo penye shaka hita inazimwa. Aliye mahali ambako maji yanaweza kushuka hadi nyuzi 10 atapanga kinyume chake. Jiulize swali hili kwa kila kifaa utakachokiunganisha: kikikwama kikiwa kimewaka nini kitatokea, na kikikwama kikiwa kimezimwa nini kitatokea? Andika majibu kwenye karatasi kabla hujashika waya.

Wazo la tangi linalojitunza limekuzwa zaidi na wafugaji wa matumbawe wa Ulaya na Marekani. Wana sababu nzuri. Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo, na yanapopaa chumvi haipai nayo, kwa hiyo siku mbili tatu za kusahau kuongeza maji matamu zinatosha kuwaumiza viumbe. Matumbawe nayo hujenga mifupa yake kwa kunyonya kalsiamu na kaboneti kutoka majini kila siku, na lazima virudishwe kwa vipimo vidogovidogo, mchana na usiku. Ndiyo maana kwao kuna vidhibiti vya dukani kama Apex na ProfiLux, na kuna programu huria kama reef-pi kwa anayetaka kujiundia. Mimi nilijifunza kutoka kwao. Nikiwa hapa kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, sikuona sababu ya kuagiza chumvi ili nitengeneze bahari sebuleni wakati ziwa lenyewe lina kitu ambacho dunia nzima inakitazama.

Kitu hicho ni furu. Watoto wa pwani ya Ziwa Viktoria tumekua tukimwona kama samaki wa kuchezea na wa chambo, lakini ziwa hili lilikuwa na takriban aina 500 za furu, nyingi zisizopatikana kwingine kokote. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akalipuka kwa wingi katika miaka ya 1980, na aina nyingi zikatoweka ndani ya muda ambao mtoto anaanza na kumaliza shule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi hapa Mwanza tangu 1977, waliyashuhudia hayo nyavu zao zikiwa majini. Mmoja wa furu waliowatambulisha kwa dunia, mwaka 1985, alipewa jina la Mwalimu: leo anaitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Nikimtazama chini ya taa nzuri nasahau njaa.

Habari ya taa inaingia hapo, na watu wengi huipuuza. Kwenye Visiwa vya Python, ndani ya Ghuba ya Mwanza, huyo nyererei anaishi karibu na ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la samawati. Wa samawati hukaa juu zaidi, mwekundu hukaa chini kidogo, ambako mwanga unaopenya maji yetu umeelemea kwenye wekundu. Wanaweza kuzaliana. Kinachowatenga ni macho ya jike, anayechagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yanapochafuka na mwanga kubanwa, majike hushindwa kutofautisha na aina zinaanza kuchanganyika. Kwenye matangi, chini ya mwanga wa rangi ya chungwa peke yake, jike aliacha kuchagua. Kwa hiyo taa ya bei poa inayotoa rangi moja inaweza kukuzalishia machotara bila wewe kujua. Weka taa nyeupe yenye rangi zote, na kila tangi liwe na aina moja.

Kidhibiti kinaweza kuipandisha taa polepole kwa nusu saa asubuhi na kuishusha vivyo hivyo jioni, kwa sababu taa inayolipuka ghafla huwafanya samaki wagonge kioo. Ratiba ni rahisi: hapa tulipo, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata dakika 20 mwaka mzima. Ila kuna mtego wa lugha yetu. Bodi inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa moja asubuhi kwake ni 7, saa moja jioni ni 19. Nimemwona kijana akiandika 1 kwa nia ya saa moja asubuhi, taa ikawaka saa saba usiku, naye akalaumu bodi kwa wiki nzima. Mtego wa pili: ESP32 hupata saa yake kutoka kwenye intaneti, na umeme ukikatika modemu nayo inazima, kwa hiyo ikiamka haijui kama ni mchana au usiku. Nunua kisaa kidogo cha DS3231 chenye betri yake ya mviringo. Kinakumbuka saa hata nyumba nzima ikiwa gizani.

Turudi kwenye hita, kwa sababu bado sijamaliza nayo. Baada ya kurekebisha programu nilidhani niko salama. Mwezi haukuisha nikakuta maji yamefika 29 huku kioo cha kifaa kikiandika kwamba hita imezimwa. Nilibeba kibao changu cha rilei, ile swichi ya sumaku ambayo bodi huitumia kuwasha na kuzima hita, hadi Makoroboi, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kimekula nini hicho?"

Alikipasua kifuniko cha plastiki kwa ncha ya bisibisi, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya chuma vidogo kama punje za mtama, na vilikuwa vimeshikana.

"Ona hapa mwanangu. Wewe unaiambia izime, na sumaku inaachia kweli. Ila hizi ncha zimeungua zikaungana. Sasa chuma utakiambia nini?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Weka mbili zifuatane. Moja ikigoma, ya pili ikate."

Tangu siku hiyo umeme wa hita yangu unapita kwenye rilei mbili, moja baada ya nyingine, na hita yenyewe ni ya aina iliyo na kidhibiti chake cha ndani, ambacho nimekiweka nyuzi 27 ili kiwe dari. Programu inawasha kwa 24.5 na kuzima kwa 25.2, pengo hilo linazuia rilei kuwaka na kuzima kila sekunde chache, jambo ambalo ndilo linaloziunguza ncha. Tena nimeongeza sharti moja ninalolipenda kuliko yote: ikiwa hita imeamriwa kuzima na bado joto linapanda kwa nyuzi nzima juu ya kiwango cha kuzimia, rilei ya pili inakata na king'ora kinalia. Wakati wa mchana bati likiwaka, king'ora hicho kinaweza kulia bila kosa la hita. Sijali. Naamka naangalia.

Jambo dogo kuhusu vibao vya rilei vya bei nafuu: vingi huwaka vikipewa sifuri na kuzima vikipewa umeme, kinyume na unavyotarajia. Bodi inapoamka, kwa nukta chache pini zake hazijaamuliwa, na utasikia "tak" ya hita kabla programu haijaanza. Pima kwa balbu kwanza.

Sasa umeme ukikatika. Swali la kwanza la kila mtu ni hita na taa itakuwaje. Viache vyote viwili. Maji mengi hupoa polepole, kama hesabu ya juu inavyoonyesha, na giza halijawahi kumuua furu. Kinachoua ni kukosa hewa. Majedwali ya mtandaoni husema maji ya nyuzi 25 hubeba miligramu 8.3 hivi za oksijeni kwa lita, lakini hayo ni ya usawa wa bahari. Hapa Mwanza hewa ni nyepesi zaidi, na maji hayohayo hubeba kama 7.2. Yakifika nyuzi 32 yanabaki na kama 6.4, na samaki mwenye joto hupumua kwa kasi zaidi. Bakteria wa kwenye kichujio, wanaogeuza amonia isiwe sumu, nao wanapumua. Pampu ikisimama, wote wanagombania kilichobaki.

Kwa hiyo betri ni ya pampu ya hewa. Betri ya volti 12 na saa-ampea 7, ile ya kwenye ving'ora, ina wati-saa 84, na betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Unabaki na 42. Pampu ndogo ya wati 3 ya volti 12 pamoja na bodi yako inayokula wati 1 zitakupa kama saa kumi. Tumia pampu inayokula volti 12 moja kwa moja, maana ukipitia inveta unapoteza sehemu ya chaji bure. Na umeme ukirudi usivirudishie vifaa vyote papo hapo. Dakika za kwanza mara nyingi huwa unapepesuka, unakwenda na kurudi. Programu yangu inasubiri dakika tatu za utulivu ndipo iwashe chochote cha volti 230.

Pampu ya hewa ikiwa chini ya usawa wa maji, weka vali ya njia moja kwenye mpira. Bila hivyo, pampu ikizima, maji yanaweza kurudi kwa mpira, kwa kanuni ileile ya kunyonya mafuta kutoka kwenye dumu, yakaingia kwenye pampu na kwenye ekstensheni iliyo sakafuni. Ekstensheni iinue ukutani. Kila waya unaotoka kwenye tangi uushushe chini ya soketi kwanza, kisha uupandishe, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Na saketi nzima ya tangi ipite kwenye kile kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampu 30. Mwite fundi umeme mwenye leseni akifunge. Kwenye hili sina maelewano: volti 230 na mikono iliyolowa ndani ya maji ni mauti, na wanaoingiza mikono kwenye tangi nyumbani kwangu ni watoto.

Joto la mchana unalishusha kwa feni, na hapo ndipo jambo moja linapolizaa jingine. Feni inapopuliza juu ya maji inayafanya yapae, na maji yanapopaa yanaondoka na joto: lita moja ikipaa kutoka kwenye tangi la lita 120 inaondoka na joto la nyuzi karibu tano. Inapoza vizuri mno, lakini kimo kinashuka na hita inaweza kubaki nje ya maji ikapasuka. Ndiyo maana aliye na feni anahitaji kihisi cha kimo, na aliye na kihisi cha kimo anajaribiwa kuweka pampu ya kujaza. Weka vielea viwili, yaani swichi zinazoelea majini, cha chini cha kuanzisha na cha juu cha kukata kwa nguvu, maana kielea kikinasa konokono au utelezi kinasema uongo kama kihisi kingine chochote. Pampu isifanye kazi zaidi ya sekunde 60 kwa mara moja. Na ichote kutoka kwenye ndoo, isiunganishwe kamwe na bomba. Ndoo ya lita kumi ikimwagika yote unapata sakafu iliyolowa. Bomba likiachiliwa usiku kucha unapata klorini ndani ya tangi na jirani wa chini mlangoni.

Kipima pH, kile cha kupima asidi ya maji, nina maneno machache nacho. Kinayumba kila baada ya wiki chache, kinataka kusahihishwa kwa maji maalumu ya 7.00 na 10.00, balbu yake ya kioo ikikauka kinakufa, na pampu iliyo ndani ya maji inakitingisha kwa umeme wake. Kiandike namba, uisome, basi. Kisipewe mamlaka ya kuwasha au kuzima chochote.

Mwisho ni namna ya kukufikia. Wengi huweka taarifa zao kwenye Wi-Fi, lakini Wi-Fi hufa saa ileile umeme unapokatika, yaani saa unayoihitaji. Mimi natumia kibao cha SIM800L kinachotuma ujumbe mfupi wa kawaida. Kinataka volti 4 hivi na kinapotuma kinaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mpigo, kwa hiyo ukikilisha kutoka kwenye bodi kitajizima kila kinapojaribu kuongea. Kipe njia yake kutoka kwenye betri. Kila siku saa tatu usiku kinanitumia mstari mmoja, hata kama hakuna jambo. Kifaa kilichokufa hakiwezi kutuma habari za kifo chake, lakini ikifika saa tatu na robo simu haijaita, najua niondoke nilipo nirudi nyumbani.

Kabla hujatia samaki, jaza maji tu na ulitese tangi kwa wiki moja. Chomoa kihisi hita ikiwa inawaka. Kata waya wa data kwa makusudi. Zima swichi kuu saa mbili usiku uwashe saa nane. Kandamiza kielea kwa kidole. Toa laini ya simu. Kila mara andika kifaa kilifanya nini, na kisipofanya ulichotarajia, rekebisha uanze upya. Samaki pia uwapate kwa njia halali, muulize ofisa uvuvi wa eneo lako, na wakikuzidi usiwamwage ziwani, hata kama babu zao walitoka humo. Ziwa hili limeshamwagiwa samaki vya kutosha.

Ujumbe wa jana usiku ulisema: 25.1 na 25.0, hewa ipo, kimo sawa, betri 12.7. Jike mmoja hajala kwa siku kumi na mbili, taya lake la chini limevimba na anakaa nyuma ya jiwe la kushoto. Amebeba mayai mdomoni, na wiki ijayo huenda akaanza kuwatema watoto mmojammoja.